Land Rover ya zamani, injini ya Toyota: breki zikigoma, fuata mpira kwanza

Ilikuwa jioni, tunashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na Land Rover 109 Series III. Wiki mbili nyuma gari lilikuwa limetolewa injini yake ya petroli na kuwekwa ya Toyota ya dizeli, aina inayoitwa 3L. Asubuhi ile breki zilikuwa tamu kabisa. Tulipoipita Soni, kwenye kona moja inayotazama korongo, pedali ikawa jiwe. Haikuzama, haikuteleza, ilikataa tu kushuka. Nikarudisha gia ya pili, nikakanyaga kwa miguu yote miwili, gari likasimama limeegemea ukingo wa upande wa mlima. Mzee niliyempa lifti na gunia lake la viazi alishuka kimya, akatafuta jiwe, akaliweka mbele ya tairi. Ndipo akasema, "Sasa fungua boneti, mwanangu."

Mpira unaotoka kwenye pampu ya vakyumu (mnyonyo wa hewa) kwenda kwenye busta, lile kopo linalousaidia mguu kukanyaga breki, ulikuwa umelala bapa kama utepe. Gereji iliyofunga injini ilikata kipande cha mpira wa hita kwa kuwa kiliingia vizuri. Kikiwa baridi kilisimama imara. Kikipata joto kililainika, na pampu ikakinyonya mpaka kuta zake zikagusana. Tulikaa pale kama nusu saa, injini ikapoa, mpira ukarudi mviringo kana kwamba haukufanya kitu.

Kinachoniuma ni kwamba pedali ilishanipa dalili siku tatu kabla, nami nikakimbilia magurudumu. Nilifungua ngoma zote nne, nikabadilisha wili silinda zote sita, zile pampu ndogo za breki gurudumuni (109 ina mbili kila gurudumu la mbele, moja kila la nyuma), nikatoa upepo mara mbili. Hela na jasho bure. Breki za gari lile hazikuwa zimeguswa na mtu. Kilichoguswa ni injini, na injini imeshikana na breki kwa mipira. Tangu siku hiyo gari likitoka kubadilishwa injini naanza na mipira, ngoma naziacha mwisho.

Kabla ya kugusa chochote

Hendibreki ya Land Rover hizi haikamati magurudumu. Inakamata propela shafti ya nyuma, pale inapotokea kwenye gia boksi ndogo. Maana yake ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu gurudumu hilo lizunguke huru na gari linaweza kuondoka, hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka mawe au magogo pande zote mbili za tairi zilizobaki chini, uingize fowili ya gia nzito. Na jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukishanyanyua, weka stendi au gogo la maana chini ya aksili.

Kwa nini injini mpya inaharibu breki nzima

Busta ni kopo lenye utando wa raba katikati. Pande zote mbili za utando hukaa vakyumu. Ukikanyaga, upande wa dereva unaingiziwa hewa ya kawaida, nayo inausukuma utando na kukusaidia mguu. Vakyumu ikikosekana breki bado zipo, ila unazikanyaga kwa nguvu zako peke yako, na Land Rover iliyopakiwa haina huruma kwa mguu wa mtu.

Injini ya petroli inatoa vakyumu bure. Kipepeo cha kabureta kikifungwa, pistoni zinavuta hewa isiyopita, na kwenye manifoldi kunabaki mnyonyo mkali. Dizeli kama 3L haidhibitiwi kwa kipepeo, inavuta hewa yote inayoitaka. Nimeona gari ambalo fundi alitoboa manifoldi ya dizeli, akachomelea kibomba na kuunganisha mpira wa busta pale pale ulipokuwa kwenye petroli. Mpira umefungwa kwa klipu safi, na hauna unachonyonya.

Toyota walilitatua hilo kwa kuweka pampu ndogo mgongoni mwa alteneta. Inazungushwa na shafti ile ile ya alteneta na inalainishwa kwa oili ya injini. Kwa hiyo alteneta ya 3L ina mipira mitatu, na yote inahusu breki: mnene wa vakyumu unaokwenda kwenye busta, mwembamba unaoleta oili, na mwingine unaorudisha oili kwenye injini. Fundi akibadilisha alteneta akaweka ya injini ya petroli kwa sababu "inachaji vizuri tu", amekutolea breki bila kukuambia.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Petroli ukiachia mafuta kwenye mteremko, kile kipepeo kilichofungwa kinaikaba injini nayo inalishika gari. Kwenye dizeli kabali hiyo haipo, kwa hiyo mteremko ule ule ulioushuka miaka kumi kwa gia ya tatu bila kugusa breki, sasa utakudai uguse. Ngoma zinapata moto kuliko ulivyozoea. Huo si ubovu. Teremka kwa gia ya chini zaidi.

Pedali ngumu

Vipimo vitatu, havihitaji kifaa, vinachukua dakika tano.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Ukiwa bado umeikandamiza, washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu, kama mtu anayeshusha pumzi. Isipozama, busta haipati vakyumu au utando umekufa.

Pili, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika mbili tatu, halafu kanyaga. Mkanyago wa kwanza na wa pili lazima uwe laini, wa tatu uanze kuwa mgumu. Wa kwanza ukiwa mgumu, vakyumu imevuja wakati ukisubiri. Mshukiwa mkuu ni vali ya njia moja, akifuatiwa na klipu.

Tatu, kanyaga breki injini ikiwa inawaka, izime mguu ukiwa palepale, hesabu mpaka thelathini. Pedali ikikusukuma mguu kurudi juu, busta yenyewe inavuja.

Sasa la muhimu, ambalo mimi sikulifanya: rudia vipimo hivi injini ikiwa ya moto, baada ya kuendesha dakika ishirini. Uwanjani kwa fundi, asubuhi, mpira mbovu unafaulu vyote vitatu.

Ukipata jibu kuwa vakyumu haifiki, fuata mpira kwa mkono kutoka kwenye busta hadi kwenye pampu. Ubonyeze. Mpira halisi wa vakyumu una ukuta mnene, ukiubana kwa vidole viwili haukubali kirahisi. Ukikubali kama mpira wa bustani, umeshampata mchawi. Kagua kona: injini mpya haikai pale ilipokaa ya zamani, na mpira uliokuwa unapita moja kwa moja sasa unapinda nyuma ya kichujio cha hewa na kujikunja. Mpira wa zamani unaweza kuwa mzima nje huku ndani tabaka limebanduka. Kile kibanzi kinacheza kama mlango, kinaruhusu hewa kupita upande mmoja na kuziba mwingine. Toa mpira, upulize kwa mdomo pande zote mbili, kisha uchungulie kwa tochi.

Vali ya njia moja ina upande. Ile ya Toyota inayokaa katikati ya mpira ina mshale, na mshale huo unaelekea injini. Ikigeuzwa, busta haitanyonywa hata siku moja. Huhitaji hata kuwasha gari: ichomoe, ipulize. Kutoka upande wa busta pumzi ipite, kutoka upande wa injini igome.

Ukiwa na geji ya vakyumu, iunganishe mwisho wa mpira, pale unapoingia kwenye busta, siyo kwenye pampu. Pampu nzima, ukiwa pwani, inafika zaidi ya inchi 20 za zebaki bila tabu. Ukiwa juu mlimani usishtuke kusoma pungufu, kwa maana hewa yenyewe ni nyepesi: toa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400, kwa hiyo inchi nne na zaidi zimeshaondoka kabla hujamlaumu mtu. Pampu ikisoma vizuri kwenye mdomo wake na mwisho wa mpira ukasoma vibaya, kesi imekwisha.

Pampu yenyewe ikisoma vibaya, angalia oili. Mpira wa kuleta ukiziba au ukifungwa bila oili kufika, vijibao vya ndani vinakauka na kulika haraka. Mpira wa kurudisha ukijikunja ni balaa la aina nyingine: oili inajaa ndani ya pampu, inasukuma sili na kuingia kwenye alteneta, na mwisho unabaki na gari lisilochaji na breki ngumu kwa pamoja. Ukiona taa ya chaji na pedali ngumu vimekuja wiki moja, usizitafute kama shida mbili. Chomoa pia mpira mnene wa vakyumu uchungulie mdomo wake. Oili nyepesi nyepesi haishangazi, lakini oili inayodondoka maana yake inakwenda kwenye busta, na utando wa raba ndani yake hautaipenda.

Breki zinashika zenyewe

Gari linaondoka vizuri, baada ya kilomita kadhaa linakuwa zito, ngoma zinanuka. Ukisimama likapoa, linaachia. Baada ya kubadilisha injini chanzo kinachonipata mara nyingi ni hiki: ili injini iingie, busta na masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) vilitolewa. Vilipofungwa tena, shimu (kibati cha kuweka nafasi) au gasketi ikasahaulika, au mtu akazungusha kijiti cha kusukumia. Kijiti kikiwa kirefu hata kidogo, pistoni ya masta silinda hairudi mpaka mwisho, na kitundu kidogo cha kurudisha mafuta kwenye kopo kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma viatu vya breki.

Usibahatishe. Subiri mpaka breki zishike, halafu, gari likiwa limezuiliwa kwa mawe na gurudumu liko juu, nenda hivi. Legeza nati zinazofunga masta silinda kwenye busta, mzunguko mmoja au miwili. Gurudumu likiachia, shida ni kijiti au busta. Likigoma, legeza nati ya bomba linalotoka kwenye masta silinda (shika kitambaa, mafuta yanaruka). Likiachia hapo, ni masta silinda. Likigoma bado, fungua skrubu ya kutolea upepo pale gurudumuni. Likiachia, mpira wa breki ulio kati ya bomba na gurudumu umevimba ndani: unaruhusu mafuta kwenda kwa nguvu ya mguu wako lakini hauyaruhusu kurudi. Likigoma hata baada ya hapo, basi sasa una ruhusa ya kufungua ngoma.

Land Rover hii ina mipira mitatu tu ya breki: miwili mbele na mmoja unaoshuka kwenye difu ya nyuma. Mmoja wa mbele ukivimba, gari linavuta upande. Wa nyuma ukivimba, magurudumu yote mawili ya nyuma yanashika. Ubadilishe yote mitatu kwa pamoja. Mpira wa miaka thelathini haukaguliwi, unatupwa.

Na nikiwa hapo: mafuta ya breki tunayaita mafuta, lakini si ndugu wa oili. Nimefungua kopo la breki nikakuta mekundu, kwa sababu mtu aliyafananisha na yale ya stelingi ya pawa. Dalili ni raba ya kifuniko cha kopo. Ikiwa imevimba na kukunjamana kiasi cha kutoingia tena mahali pake, raba zote za ndani zimefanya hivyo hivyo. Hapo hakuna kusafisha. Ni raba zote, mipira yote, mabomba yapulizwe na kuoshwa kwa spiriti. Oili inayodondoka kutoka kwenye injini juu ya mpira wa breki inafanya uharibifu huo huo polepole, kutokea nje.

Pedali inazama au ni laini

Tofautisha. Ikizama mkanyago wa kwanza na kupanda wa pili, breki hazijapandishwa. Nyanyua gurudumu, zungusha skrubu mpaka likwame, rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Mbele kwenye 109 kuna skrubu mbili kila gurudumu, moja kwa kila kiatu, na nimeshakuta wanaokaza moja tu.

Ikiwa kama sponji, kuna upepo. Breki za mbele za 109 zina sifa mbaya ya kuficha upepo kwenye wili silinda ya juu. Dawa ni kupandisha viatu mpaka vibane ngoma kabisa kabla ya kutoa upepo. Pistoni zinakuwa hazina nafasi ya kucheza, na upepo unakosa pa kujificha. Ukimaliza, legeza tena. Wengi wanasahau hilo la mwisho.

Ikishuka polepole huku umeikandamiza na hakuna tone chini, raba za masta silinda zinapitisha.

Lakini ikiwa nzima asubuhi, ikawa laini baada ya mwendo, halafu ikarudi baada ya kupoa, tafuta ekzosi. Bomba la ekzosi la injini mpya limepita wapi? Land Rover ilipanga mabomba yake ya breki kwa kufuata ekzosi yake yenyewe. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Bomba la breki linalopita upana wa vidole viwili kutoka kwenye ekzosi linafika huko bila wewe kukanyaga chochote. Lisogeze, au weka bati katikati lenye nafasi ya hewa pande zote mbili. Kulifungia kitambaa hakusaidii, na kikilowa oili kitawaka.

Mipira mingine ambayo injini mpya inaikera

Dizeli inatikisika kuliko petroli, hasa ikizimwa. Mwambie mtu awashe na kuzima mara tatu huku wewe umeinama juu ya injini, mikono mbali na feni. Mpira wowote unaonyooka kama kamba ya ngoma wakati huo ni mfupi, na siku moja utachomoka.

Injini ikichemsha kwenye mwendo mkali lakini ikatulia ukisimama, tazama mpira wa chini wa rejeta huku mtu anakanyaga mafuta. Pampu ya maji inaweza kuunyonya ukalala bapa, ugonjwa ule ule wa mpira wa busta. Mpira huo unahitaji springi ndani. Ikichemsha ukisimama ikatulia ukitembea, ni feni, si mpira. Na midomo ya rejeta ya Land Rover na ya Toyota haina upana mmoja. Kulazimisha mpira mpana kwenye mdomo mwembamba kwa kukaza klipu kunafanya ukunjo, na maji hupita kwenye ukunjo. Tengenezewa kiungo cha bomba. Usiweke kofia ya presha ya 1.1 kwenye rejeta ya zamani ya shaba ili "ikaze zaidi". Viungo vyake vimeungwa kwa risasi, vikiachia utakaokazika ni mkono wako ukimlipa wa kuviunga upya.

Dizeli ikiwaka kwa shida baada ya gari kulala, mpira wa mafuta unavuta hewa. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaoonesha ndani karibu na pampu ya dizeli, uangalie mapovu. Ile mipira iliyobaki kutoka enzi ya petroli imeshakauka, na klipu yake haishiki tena.

Ukimaliza yote, usikabidhi gari likiwa baridi. Endesha dakika ishirini, tafuta tambarare, rudia vipimo vitatu vya pedali, kisha fungua boneti injini ikiwa inawaka na uutazame mpira wa busta wakati mtu anakanyaga breki mfululizo. Usipobadilika umbo hata kidogo, shuka Mombo.